Birika la Mdogo Wangu

Baba alikufa kwa pombe kali ya gongo tukiwa wadogo, kijijini upande wa Bukene. Mama akabaki na hofu moja: wanawe wawili wa kiume wasije wakamfuata baba yao. Hakuwahubiria kama wengine walivyofanya. Alimtazama kila mmoja alivyo.

Kaka yangu alikuwa mtu wa kutafuta hatari, asipoipata, alijitengenezea. Mama akampeleka kwa wajomba wakamfundisha kurina asali. Akishinda juu ya miti na nyuki wenye hasira, jioni alitaka ugali na kulala tu.

Mdogo wangu alikuwa kinyume chake. Mbele za watu mikono ilimtetemeka, maneno yakamkauka. Kila penye shughuli Mama alimkabidhi birika na beseni awanawishe wageni. Mwenye birika haketi, haulizwi habari ndefu, wala hapewi kata ya pombe. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Alinawisha hivyo mpaka akaota ndevu.

Mimi, dada yao, nilikuwa mwalimu, mjeuri, nimetoka chuoni Tabora kichwa kimejaa usawa. Tulikuwa tumekwishahamia kijiji cha ujamaa. Kwenye arusi ya jirani nikamwona mwanamume mzima akiinamia vidole vya watu, nikaona aibu. Nikamnyang'anya birika mbele ya wote.

"Siku za kutumikiana zimekwisha," nikamwambia. "Nenda ukakae na wanaume wenzako."

Watu wakapiga makofi. Kata ilipomfikia aliinywa upesi ili mikono itulie, nayo ikatulia. Nilimwona akicheka na watu kwa mara ya kwanza, nikajisifu.

Hakuishia kwenye pombe ya arusi. Alifika kwenye gongo, na miaka michache baadaye tulimrudisha kijiji cha zamani tukamzika kando ya Baba. Watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Nilichukia kusikia hivyo.

Baada ya matanga nikamuuliza Mama, kwa hasira, kwa nini siku ile hakunizuia. Alikuwepo, ameketi jamvini, aliona yote.

"Wewe mwanangu ukikatazwa jambo ndipo unalishikilia," akasema. "Ndiyo maana pombe sikukukataza, na hujaionja. Siku ile nilijua nikisema neno tu, utamkalisha pale kila arusi. Nikanyamaza, nikitumaini utachoka."

Sikuchoka. Arusi tatu zilizofuata, ni mimi niliyemshika mkono nikamkalisha.