Gofri za Wifi Hania

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nikiitaja mpaka leo uso unaniwaka moto. Nakwambia kwa sababu Ijumaa ijayo kaka yako anatuletea mke kutoka kwa watu wa lugha nyingine, na jana nimekusikia ukimwigiza anavyosema.

Nilikuwa na miaka ishirini. Kaka yangu Nasoro alikwenda Poland kusomea uhandisi, akarudi na mke wa huko, Hania, mwanamke mrefu, mpole, akaja kukaa nasi hapa Ghubra, kwenye nchi hii ya Waarabu. Mie sikumtaka. Sababu sikuwa nayo. Nilishamchagulia kaka binamu yetu, basi.

Idi ile wanawake wa jamaa walikuja kutoka mji wa Sib. Hania akataka kuwakirimu kwa kitu cha kwao. Alikuwa na chuma chake cha umeme cha kuokea, alichokipakata safari nzima kama mtoto. Akapika gofri: mikate minene yenye vishimo vishimo kama sega la nyuki, nje inavunjika kwa mlio, ndani laini. Juu akatia malai, krimu ya maziwa, aliyoipiga mpaka ikasimama, na stroberi, na sukari ya unga. Alikuwa jikoni tangu asubuhi.

Sinia ilipofika mbele yangu nikaisukuma. "Mkate gani huu? Umeliwa na panya?"

Wanawake wakacheka, wasiocheka nao hawakugusa. Kiswahili cha Hania siku hizo kilikuwa salamu na maneno mawili matatu tu, lakini dharau haihitaji mkalimani. Akakusanya sahani, akenda jikoni, akakifuta chuma chake na kukirudisha ndani ya begi.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekula, gofri mbili, akanawa. Wageni walipoondoka akaniita chumbani kwake.

"Zuwena, tulipofika hapa kutoka Unguja, siku ya kwanza ulirudi kutoka skuli unalia. Kwa nini?"

"Walinicheka Kiarabu changu, mama."

"Mwezi mzima hukufungua kinywa. Wahenga wamesema, mcheka kovu hakufikwa na jeraha. Weye jeraha unalo, na bado unacheka?"

Nikainuka nikamwombe radhi Hania. Mama akanishika mkono. "Maneno unayo mengi. Kesho nenda kajifunze."

Nikenda. Hania akanipa mayai. Akanionyesha kutenga ute na kiini, kuupiga ute mpaka bakuli ukilipindua haumwagiki, kisha kuuchanganya na kiini, unga na siagi pole pole usije ukazama. Ukishamimina, unafunga chuma, hukifungui mpaka mvuke upungue. Mie na haraka zangu nikafungua. Gofri ikapasuka, nusu ikaganda juu, nusu chini. Nikangoja anicheke, maana ningekuwa mie ningecheka. Hania akavibandua vipande, kimoja akanipa, kimoja akala.

"Mbaya," akasema. "Lakini tamu."

Tulicheka mpaka mama akaja kuchungulia.

Kiswahili chake alikipata jikoni mle, na mie nikapata dada. Miaka baadaye, mama alipolala kitandani hawezi, Hania ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumwogesha, na mama alikuwa akiliita jina lake kabla ya langu. Sikuona wivu. Nilimshukuru Mungu.

Basi mwanangu, mgeni haji mikono mitupu, japo wewe hukioni alichobeba. Kipokee, kionje kwanza. Anayekosea lugha yako anajaribu kuingia nyumbani mwako. Usimfungie mlango kwa kicheko. Na ukishamuumiza, usikae ukitafuta maneno mazuri. Kaa naye, shika kazi anayoishika, ukubali kuwa mwanafunzi wake. Ulimi ukijeruhi, mkono huweza kutibu, lakini usichelewe.

Mola akupe kifua kipana na ulimi mwepesi wa kheri. Amjaalie huyo anayekuja awe dada kwako, nawe uwe dada kwake, na siku utakapokuwa mgeni kwa watu, akuwekee mtu wa kukukaribisha. Amin.