Ndevu Nilizofuga Baada ya Msiba

Siku tuliyoanua matanga ya pacha wangu, mama mdogo alininyoa kichwa chote kwa wembe, nyuma ya nyumba ya mama, kijijini karibu na Kharumwa. Ndivyo tunavyofanya kwetu, wafiwa wa karibu hunyolewa. Nilikaa kwenye kigoda, maji ya sabuni yakinitiririka shingoni, nikisikiliza wembe ukikwaruza. Sikuwa nimelia. Tangu nilipopigiwa simu nikiwa kazini Geita, kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, mpaka tunamzika, nilikuwa nafanya kila nilichoambiwa: beba hiki, shika hapo, wasalimie wale. Alikuwa ameugua tumbo siku tatu tu.

Mama mdogo alipomaliza alinipangusa kwa kanga, akanitazama, mkono ukabaki hewani.

"Haya," akasema. "Nenda ukakae na wenzako."

Mama alikuwa kwenye mkeka na wanawake wengine. Nilipotokeza kwenye kona aliinuka nusu, akafungua mdomo, kisha akajifunika uso na kuingia ndani. Nilielewa nilipojishika kichwa. Pacha mwenzangu alianza kunyoa upara tukiwa bado vijana, nywele zilipomkimbia utosini. Zangu nazo zilikimbia, ila mimi nilivaa kofia, na watu walizoea kututofautisha kwa hiyo kofia. Sasa nilikuwa nimetoka nyuma ya nyumba nikiwa yeye.

Binti yake wa miaka mitatu alinijia mbio, akaning'ang'ania mguu. "Baba!" Shemeji yangu akaja akamchukua, bila kuniangalia usoni.

Kesho yake niliondoka. Mama aliniaga akiwa ndani, mlango umerudishiwa.

Geita nilirudi kwenye kelele na vumbi la karasha, nikafanya kazi kama kawaida. Nywele zilipoota, ziliota pembeni tu, juu pakabaki peupe, nikazinyoa tena. Ndevu sikuzigusa. Siwezi kusema niliamua. Kila asubuhi niliuona wembe dirishani, nikauacha palepale. Mwenzangu hakuwahi kufuga hata sharubu. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kidevu laini, aliyependa wateja wamkute msafi.

Baada ya mwezi hivi niliingia kwa kinyozi mmoja karibu na stendi. Akanizunguka mara mbili.

"Kaka, hizi umezifuga au umezisahau?"

"Nimezisahau."

"Basi leo tuanze kuzifuga."

Alininyoa kichwa mpaka kikang'aa, kisha akavuta stuli akakaa mbele yangu na mashine ndogo. "Mwenye upara akiacha ndevu zimwagike hovyo anaonekana mgonjwa," akasema. "Shingoni tunakata juu kidogo ya koromeo, hatupandi mpaka kwenye taya. Mashavuni nasafisha zile zilizotoroka tu. Hapa karibu na masikio tunazipunguza polepole, zisianze ghafla kama zimebandikwa." Aliniambia niwe naosha vumbi kila jioni na kupaka mafuta ya nazi kidogo, na zikiwasha nisizikune.

Nilifanya hivyo. Nikawa naenda kila Jumamosi. Kinyozi hakujua kwamba nimefiwa, kwa hiyo hakunipa pole. Alizungumzia mpira na bei ya umeme, mimi nikafumba macho.

Mwezi wa nne baada ya msiba nilirudi nyumbani. Nilimkuta mama uani anapepeta choroko. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Akainua uso, akanitazama muda mrefu, ungo umetulia mapajani.

"Sauti naijua," akasema. "Sogea."

Nikachuchumaa. Akazishika ndevu, akazivuta kidogo kama mtu anayepima kitambaa. "Zinakuuma?"

"Hapana."

"Umekuwa kama babu yenu." Kisha akaniita jina langu. Maisha yetu yote alikuwa akianza na jina la mwenzangu ndipo alifikie langu, hata nikiwa nimesimama mbele yake na kofia. Siku hiyo alilipata mara moja.

Shemeji alitoka jikoni na mtoto. Mtoto akajificha nyuma ya gauni.

"Nani huyu?"

"Baba yako mdogo. Mwamkie."

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Hakunikaribia mpaka jioni, na alipokaribia ilikuwa ni kuomba nimfungulie pakiti ya biskuti. Aliniita baba mdogo, kama alivyofundishwa. Nadhani hicho ndicho nilichokuwa nakitaka miezi yote ile. Nilingoja nifurahi, au niumie. Nikafungua biskuti.

Tulikula ugali na mlenda, mama akiwa ameketi upande wangu, ananiangalia waziwazi sasa, akinisukumia bakuli. Shemeji alizungumzia cherehani ya marehemu, kwamba anajifunza kushona yeye mwenyewe na ameshapata sare mbili za shule za kushona. Nikamwambia vizuri.

Mama alinawa mikono, akaendelea kuishikilia juu ya beseni ikidondosha maji.

"Siku ukizichoka hizo ndevu," akasema, "usizinyolee huko Geita ukaja hapa ghafla. Njoo nazo. Uniambie kwanza, nijiandae, ndiyo unyolewe."

"Sawa, mama."

Nikamega tonge jingine.