Bingwa wa Kianda, Bingwa wa Kawangware

Juzi mpwa wangu, kijana wa chuo, aliniambia eti mkanda wa ubingwa katika mieleka hauna maana tena. Ati siku hizi unabadilishwa kila wiki, ati mabingwa wamekuwa wengi mno, ati hata hivyo yote ni maigizo. Nilimwacha amalize chai yangu kwanza, kisha nikamwambia anyamaze. Mimi nimetoka katika nyumba iliyogawanyika sababu ya mkanda huo, na sitaki kufundishwa maana yake na mtu aliyezaliwa wakati televisheni zote zina rangi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, niko Fomu Foo, na tulikaa mtaa wa mabanda wa Kianda, chumba kimoja na pazia katikati. Baba alikuwa mwashi. Mama alikaanga chapati mlangoni kila asubuhi, na chapati zake zilijulikana mpaka Sarang'ombe. Ndugu pekee aliyekuwa naye Nairobi hii yote ni mdogo wake, anko wangu, fundi cherehani wa Kawangware, upande ule unaopakana na Riruta. Mama alimbeba mgongoni wakiwa wadogo, na hajawahi kusahau kututajia. Kila Jumapili baada ya kanisa anko alikuja kwa miguu, saa nzima, suruali imepigwa pasi utadhani anaenda kuoa.

Mwaka huo alitangaza kwamba Krismasi ikipita anarudi magharibi kabisa, akafungue duka lake la kushona nyumbani. Mama alifurahi kwa ajili yake, kisha akaanza kuhesabu Jumapili zilizobaki kufika Krismasi. Alitaka zote, na zaidi ya zote aliitaka Krismasi.

Sasa nikuambie habari ya vidio. Ya kwetu Kianda ilikuwa kibanda cha mabati, mabenchi, gunia mlangoni la kuzuia mwanga, televisheni juu ya meza na deki chini yake. Mwenyewe alikuwa mwanamume mpole, miwani yake imefungwa kwa waya sikioni. Kaseti za mieleka aliletewa na jamaa yake, hazina tarehe, hazina chochote ila namba aliyoandika yeye kwa kalamu. Jumamosi alasiri akiweka moja, sisi tuliamini tunayoyaona yanatendeka huko ng'ambo siku hiyo hiyo. Usinicheke. Baba alimwona kwa macho yake akisukuma kaseti ndani ya deki, na bado akifika nyumbani alisema, "Leo Kipara amepigana!" Leo, haki ya Mungu.

Majina ya wanamieleka ya kizungu tuliyaacha ndani ya kaseti. Kipara alikuwa wa baba: mtu mpana, kimya, anapigana kama anayejenga ukuta. Nywele alikuwa wa anko: mrefu, nywele hadi kiunoni, maringo tele. Baba alisema Nywele ni mwanamume wa kioo. Anko alisema Kipara hajui hata kuvaa. Walitaniana hivyo miaka mitatu, mama akiwapakulia, na hakuna aliyewahi kuumia.

Halafu ikaja Jumapili moja ya mwanzo wa Novemba. Mama alikuwa amechinja kuku. Anko alikuwa hajakaa vizuri kitini akaanza.

"Shemeji, Nywele jana ametesa mtu! Ule mkanda atazikwa nao."

Baba akaweka kikombe chini. "Nywele gani? Jana Kipara amemlaza chali, akamvua mkanda. Watu wote wa Kianda wameona."

"Jana mimi nilikuwa vidio."

"Na mimi nilikuwa wapi, kanisani?"

Tukacheka. Tulidhani ni ule utani wa kawaida. Lakini kila mmoja alikuwa ameona, tena jana, na kila mmoja alimwona mwenzake anavuka mpaka. Sauti zikapanda. Jirani akagonga mabati. Na baba yangu, mtu ambaye simjui kwa matusi, akasema, "Basi wewe shemeji ni mwongo."

Kwetu shemeji haitwi mwongo. Unaweza kumwambia amechelewa, amekonda, viatu vyake vimekufa, na mkacheka. Mwongo, hapana. Tena mbele ya watoto, ndani ya nyumba ambayo dada yake ndiye amepika, na firigisi iko juu ya sahani yake, ile ambayo kwetu hupewa mgeni wa heshima peke yake. Anko aliinuka. Alimwambia mama, "Asante kwa chakula," chakula ambacho hakukigusa, akachukua kofia yake akaenda. Ile firigisi ilikaa pale mpaka jioni. Hakuna aliyethubutu.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Baba akasema aje yeye aombe msamaha kwa kumfanya mjinga nyumbani kwake. Kawangware, tukasikia, anko naye anasema vivyo hivyo. Mama hakusema neno kuhusu mieleka. Alikuwa anapiga unga kama una deni naye, halafu katikati ya kusukuma chapati anasimama na kusema, "Zimebaki nne." Mimi nilikasirika! Nilikasirika na baba, na anko, na Kipara, na Nywele, na mtu wa kwanza aliyefikiria kuweka dhahabu kwenye mkanda.

Mtihani ulipoisha nilivaa viatu nikaenda Kawangware mwenyewe. Mama alinipa chapati sita na ujumbe mmoja: Krismasi ni nyumbani kwake, na hataki kusikia lingine.

Anko alikuwa kwenye cherehani yake. Alikula chapati mbili kwanza, ndipo akajibu. "Niende nikaitwe mwongo kwa sababu ya nyama? Aka." Kisha akasimama, macho yanawaka. "Leo ni Jumamosi. Twende vidio ukaone mwenyewe nani bingwa, ukamwambie baba yako."

Vidio ya Kawangware ilikuwa kubwa kidogo kuliko yetu na ilinuka mafuta ya taa. Tukakaa. Kaseti ikaingia, na kweli, Nywele huyo, mkanda kiunoni, anapigana na jamaa mwenye barakoa ya buluu. Watu wanashangilia. Anko ananipiga kiwiko: "Unaona? Unaona?" Nami nilikuwa naona, tena pigano lile nililijua. Nikamwambia anko polepole, "Sasa akimnyanyua, picha itaruka."

Ikaruka. Yule wa barakoa yuko juu hewani, halafu ghafla yuko chini anagaagaa, na hakuna ajuaye aliangukaje.

Mwezi wa Septemba deki yetu Kianda ilikuwa imeitafuna kaseti hiyo. Mwenye vidio wetu akaikata, akaiunga na selotepu mbele yetu, miwani ikimteleza, watu wakimzomea. Mimi nilikuwepo, nimetoroka masomo ya ziada. Haikuwa mieleka inayofanana tu. Ilikuwa kaseti ile ile, na kovu lake.

Nilipiga ukelele mpaka watu wakaniambia niketi. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenye vidio wa Kawangware, mdomo wangu hauna breki, nikamuuliza kaseti anatoa wapi. Akanitazama kama mtoto mjinga. "Si zinatoka Kianda wakishamaliza? Hukaa huko miezi miwili hivi, halafu tunaletewa."

Wah! Nilicheka nikashika ukuta. Kumbe hakuna aliyedanganya. Nywele alikuwa bingwa Kawangware na Kipara alikuwa bingwa Kianda, na ukitaka kumrudishia Nywele mkanda wake, unavuka tu Barabara ya Ngong kwa miguu.

Nilidhani nikieleza yataisha. Ai! Anko alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa. Lakini aliniita mwongo." Nyumbani baba naye akasikiliza, akapiga paja kwa kicheko: "Kumbe shemeji anaangalia makombo!" Nilitaka kumwaga maji ya kuosha vyombo juu ya mtu. Mama akaendelea kusukuma chapati. Zilikuwa zimebaki tatu.

Basi nikamtega anko kwa kitu ambacho hakuna mpenzi wa mieleka angeweza kukikataa. Nilirudi Kawangware nikamwambia Jumamosi ijayo Kianda inaingia kaseti mpya. Aje aone mambo ambayo Kawangware nzima haitayaona mpaka Februari. Alipitisha uzi kwenye sindano mara tatu ukakataa. Nikajua nimempata.

Alikuja. Aliingia vidio akakaa kwenye benchi ile ile ya baba, lakini mwisho kabisa, na katikati yao pakabaki nafasi ya watu wawili. Watu walisimama nyuma badala ya kukaa pale. Hakuna aliyesalimu mwenzake. Kipara akatokea na mkanda, baba akakohoa kwa majivuno. Nywele akatokea, maana alikuwa anautaka mkanda wake, anko akakohoa vilevile. Wa tatu ulingoni alikuwa mtu ambaye sisi tulimwita Machozi.

Machozi hakuwa na nguvu yoyote. Kazi yake ilikuwa kulia. Akizidiwa alipiga magoti, akaunganisha mikono, machozi ya kweli yanamtoka, na ukimhurumia tu anakuchoma kidole jichoni. Siku hiyo Kipara na Nywele walimpuuza, wakapigana wao kwa wao mpaka wakaanguka wote wawili. Machozi, aliyekuwa chini ya ulingo analia, akapanda, akamlalia Kipara kifuani kama anayelala usingizi, akamshika Nywele nywele asisimame, na mwamuzi akahesabu. Moja, mbili, tatu. Mkanda umeenda kwa Machozi.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Baba alikuwa juu ya benchi. Anko alikuwa juu ya benchi. "Ameshika nywele! Shemeji, umeona? Ameshika nywele!" "Nimeona! Mwizi huyu! Mwizi!" Na wameshikana mabega, mate yanaruka, baba anamtetea Nywele kwa sauti yote aliyopewa na Mungu, anko anamlilia Kipara. Benchi ikapinduka wakaanguka nayo, wakaendelea kupiga kelele wakiwa chini. Nilifurahi mpaka nikalia, nikiwa mimi wa kwanza kulia pale mbali na Machozi.

Walirudi nyumbani pamoja, njia nzima wakielezana jambo ambalo wote walikuwa wameliona. Mama aliwasikia kabla hajawaona. Alitoka mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko, akasimama. Anko akamwambia, "Dada, tumeibiwa!" Mama akasema, "Poleni sana, ingieni mle chakula," na nikaona anauma mdomo asicheke.

Tangu siku hiyo mama, ambaye hakuwahi kukanyaga vidio, alianza kuniuliza kila Jumamosi nikirudi: "Bado anao?"

"Nani?"

"Huyo anayelia."

"Bado anao, mama."

"Mungu amlinde," anasema, na kugeuza chapati.

Siku nne kabla ya Krismasi nilikutana na mwenye vidio bombani. Akanipasha kama habari tamu: kaseti mpya imefika, ameichungulia, Nywele anamnyang'anya Machozi mkanda, lakini Kipara anasema ulikuwa wake na kaibiwa, wamebaki wanakabana koo. "Jumamosi hapa patawaka moto!" Nilimwambia mama nikimimina maji ya kuoga, bila kufikiria. Aliweka kijiti cha kusukumia chini. Akanawa mikono. Akapanga chapati kumi na mbili kwenye sufuria, akafunika na kitambaa, akaniambia, "Nionyeshe nyumba ya mtu huyo."

Mama alisimama mlangoni pa mwenye vidio akasema wazi alichotaka. Kaseti hiyo isionekane mpaka ndugu yake apande basi.

"Mama, watu wanangoja mkanda," akasema yule mtu, akipangusa miwani.

"Wangoje. Wewe unaonyesha picha, mimi nina ndugu mmoja."

Akaangalia sufuria. Akainua kitambaa. Akatangazia Kianda nzima kwamba kaseti imekwama kwa aliyeituma.

Kwa hivyo Machozi alibaki bingwa. Alikuwa bingwa siku ya Krismasi, baba na anko wakiwa wamekaa kiti kimoja kirefu wakimlaani kwa mdomo uliojaa kuku, na mama akiwaongezea mchuzi. Alikuwa bingwa Mwaka Mpya. Kote duniani alikuwa ameshavuliwa, huenda hata miezi mingi iliyopita, lakini Kianda alishikilia wiki mbili zaidi kwa nguvu za chapati, na watu walimzomea kila Jumamosi kwa marudio ya kaseti ile ile.

Anko aliondoka Jumatatu asubuhi. Tulimsindikiza stendi sote. Baba alipanda mwenyewe juu ya basi kufunga cherehani kwenye keria, akahakikisha kamba mara mbili, akashuka wakakumbatiana. Anko akatoa kichwa dirishani: "Shemeji, huyo Machozi akivuliwa, uniandikie barua!" Baba akaapa ataandika siku hiyo hiyo. Mama alipunga leso mpaka basi likapinda kona, akajifuta macho nayo, na baba alipotangulia akanivuta mkono.

"Pitia kwa yule wa vidio," akaninong'oneza. "Mwambie sasa anaweza kumvua."