Bi Maelekezo na simu isiyolia

Saa tatu asubuhi, simu ya mezani ya Bi Maelekezo haijalia. Anainua mkonga, anausikiliza, anaurudisha mahali pake. Simu ni nzima. Wapigaji ndio hawapo.

Bi Maelekezo ni jina alilobandikwa na wenzake ofisini, likamganda. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akiandika kitabu cha maelekezo cha programu moja ya kompyuta. Programu hiyo huwasaidia wahandisi kulijaribu jengo kabla halijajengwa: unaiandikia amri, nayo inakuonyesha paa litapinda wapi upepo ukivuma, au nguzo itahimili mzigo gani. Kila amri ina ukurasa wake, na kurasa zote zimetoka mikononi mwake.

Chini ya kila ukurasa aliweka namba ya simu hii na maneno mawili: "Ukikwama, uliza."

"Walikuwa wanapiga mpaka chai inanipoa," anasema. "Mwingine anaanza na matusi. Namwacha amalize, halafu namuuliza, haya baba, umekwama wapi? Wakipiga watatu kwa ukurasa uleule, najua ukurasa una kasoro. Nakaa chini nauandika upya."

Mwaka jana kampuni ilileta zana mpya. Siku hizi anayeandika amri si mhandisi tena, ni wakala wa akili mnemba, yaani programu inayofanya kazi kwa niaba yake. Wakala akitaka kujua amri fulani, zana hiyo inaperuzi kitabu cha Bi Maelekezo, inakata kipande kinachohusika na kumpa hichohicho. Ukurasa mzima hapewi, eti ni mrefu.

Balaa lilianzia hapo. Kama waandishi wengi wa kazi hii, Bi Maelekezo hakupenda kurudiarudia maneno. Juu ya ukurasa alieleza kwamba mzigo uandikwe kwa nyutoni, si kwa kilo. Huko chini akaandika tu: "Tumia kipimo kilichotajwa hapo juu." Msomaji alikuwa anainua macho, basi, yamekwisha.

Wakala aliyepewa kipande cha chini hakuwa na hapo juu. Akakisia kilo, programu ikaisoma namba ileile kama nyutoni. Kilo moja ina uzito wa karibu nyutoni kumi, kwa hiyo jukwaa la tangi la maji likajaribiwa kana kwamba tangi ni jepesi mara kumi kuliko lilivyo. Majibu yakatoka: salama. Mhandisi wa mteja alishtuka vyuma vikiwa vimeshakatwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Huyu alinyongwa tu, haki hakupewa. Walioleta kisu cha kukatakata kurasa hawakuulizwa neno. Aliyeitwa ni yeye, na aliyemwita ni meneja ambaye kwa umri angekuwa kitinda mimba wa kwao.

"Dada, hizo hapo juu zako zimetutia hasara," alimwambia. "Ziondoe zote. Kila kipande kijitegemee."

Mshahara wake ulikuwa umeshapunguzwa kwa theluthi. Sasa na mkataba ukawekewa mwisho: akimaliza kukisafisha kitabu, na yeye aende zake. Kila ukurasa anaoutengeneza vizuri unamsogeza mlangoni.

Je, hajawahi kufikiria kulipua tu kazi hii, wajue wenyewe? Anacheka, lakini kicheko hakina furaha.

"Mume wangu anachomelea vyuma. Majukwaa kama yale ndiyo anayoyapanda. Siku ile nimerudi nyumbani namkuta anavua viatu, ananiuliza, mama watoto, mbona unanitazama hivyo? Sasa wewe niambie, hiyo kazi nitailipuaje?"

Basi anaisafisha. Kipimo anakirudia kwenye kila kipande, hata anapohisi anamboa msomaji asiyejua kuboeka. Na bila kuagizwa na mtu, ameongeza sentensi yake mwenyewe katika kila kimoja: "Usipopewa kipimo, usikisie. Simama, uliza mtu."

"Binadamu akikwama anapiga simu," anasema. "Hiki kiwakala hakikwami. Kisipojua kinakisia, na kinakisia kwa adabu zote, huwezi kukishuku."

Wiki iliyopita waliijaribu sentensi hiyo mbele ya meneja. Wakala alipewa kazi ya mzigo usio na kipimo. Akafungua maelekezo, akasoma kipande chake, akasimama. Kwenye skrini yakatokea maneno: "Sijapewa kipimo. Naomba kumuuliza mtu."

Bi Maelekezo alipiga makofi peke yake.

Meneja alikuna kichwa. "Mtu gani sasa?"

Bi Maelekezo akamwonyesha simu. Meneja akamjibu, bila ubaya wowote, kwamba laini hiyo itakatwa siku mkataba wake unapokwisha. Kampuni haiwezi kulipia simu ambayo hailii.

Amebakiza sura moja ya kitabu. Anaifanya polepole, na hafichi sababu. Amemwomba meneja jambo moja tu, laini isikatwe, na bado hajajibiwa.

"Si lazima niwe mimi," anasema. "Waweke yeyote, hata mtoto wa jana, mradi ajue kusema ngoja kwanza. Nimekifundisha kuuliza. Kikiuliza, kisikute kiti kitupu."

Anainua mkonga tena, anausikiliza. Simu bado ni nzima.