Homa ya Mikono ya Njano

Enzi za Wabelgiji bwana yangu alikuwa akitumbukiza nguzo ndani ya pipa la dawa, hapa Goma karibu na ziwa, ili mchwa wasizile. Dawa ilikuwa ya njano. Ilimshika mikono mpaka viwiko, sabuni ikashindwa. Hata shuka letu la harusi likageuka njano, lakini habari ya shuka tuiache.

Akaanza kuwaka. Asubuhi sisi wengine tunajikunyata kwa baridi, yeye anatoka jasho. Anamaliza maharage yake, anamaliza na yangu, na bado suruali inamvuka. Mama mukwe akasema ni malaria. Mimi nikawaza, malaria gani haimtetemeshi mutu na inampa njaa? Lakini kwetu mukaza mwana hamubishii mama mukwe, hata jina lake halitaji.

Akachemsha majani ya kalitusi, akamukalisha mwanawe mbele ya chungu, akamufunika blanketi zote za nyumba.

"Mama, ninakufa humu."

"Ugonjwa ndio unasema hivyo. Kaa."

Alikuwa anahema kama mbwa. Mama akaniambia niende kuongeza majani. Kalitusi ilikuwa nyuma ya nyumba ya jirani. Nikaipita. Nikaenda mpaka ziwani, nikakaa juu ya jiwe jeusi, nikaangalia wanawake wakifua. Nilikuwa nawaza nini? Labda chungu kipoe. Labda nilichoka tu. Mpaka leo sijielewi.

Niliporudi chungu kilikuwa kimepoa kweli, mama amemufunua, naye amelala chini, kifua wazi, anapumua vizuri kidogo.

"Hiyo kalitusi uliipanda kwanza ndipo ukaichuma?"

"Unisamehe, mama."

Bwana yangu hakurudi kazini, miguu haikumubeba. Njano ikafifia polepole, na ule moto nao ukaisha. Majirani wote wakaambiwa kwamba ni mvuke ulimuponya.

Sasa mujukuu wangu, anayeniita koko, yaani bibi, anasoma mambo ya mwili. Anasema ndani ya nyama yetu kuna majiko madogo sana, mitokondria. Chakula kikiungua humo, protoni zinasukumwa upande mmoja wa ukuta. Zikirudi kupitia mlango wao, zinazungusha kitu kama kinu, na hapo nguvu inapatikana. Dawa kama ile inazivusha protoni ukutani penyewe. Kinu kinasimama, chakula kinaungua bure, kinabaki joto tupu. Nilimuomba arudie, akarudia. Hizo protoni bado sizioni vizuri.

"Na mutu kama huyo ukimuongezea mvuke?"

"Koko, unaweza kumuua."

Nikakumbuka. Mama mukwe, siku alipokuwa anakufa, alinishika mkono.

"Mutoto wangu nilimuokoa, si ndiyo?"

Nilimujibu ndiyo, mama. Ningemujibu nini kingine? Hata mimi sijui ziwani nilifuata nini.