Paa la Mjane wa Munje

Sina subira, hata kanisani. Mhubiri akisema tuombe, mimi nishaanza kuangalia mlango. Jumapili hiyo alihubiri kuhusu kuwatazama wajane katika dhiki yao, na kabla hajafika amina nilikuwa nishamjua mjane wangu.

Alikuwa akikaa Munje, si mbali na kwetu Msambweni. Mumewe, mvuvi, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Muuza samaki ndiye aliyeniambia kwamba paa lake la makuti limeoza, na masika yamekaribia. Kila nikiyatazama mabati ya nyumba yangu naona haya. Wiki nzima nikawasumbua watu wa kanisa: huyu alete makuti, yule kamba, yule ngazi. Mmoja aliuliza kama mwenyewe ana habari. Nikamjibu kwa ukali kwamba anayevujiwa haulizwi.

Jumamosi asubuhi tukafika, wanaume sita na sisi wanawake wanne. Mlango ulikuwa umefungwa, nikadhani ameenda shamba. Mawingu yalikuwa mazito, nikawahimiza wanaume wapande. Walikuwa wameshaezua upande mmoja mzima wakati wifi yake alipotoka mbio nyumba ya pili.

"Shukeni, kaka zangu," alisema. "Mwenyewe yumo ndani, yuko edani. Haifai kuonwa na wanaume wasio jamaa zake."

Jamani, eda naijua. Nimezaliwa Samburu, lakini nimeishi na Waislamu miaka mingi na nimeshapeleka chakula katika nyumba za eda. Mke aliyefiwa miezi miwili iliyopita atakuwa wapi kama si ndani? Haraka ilikuwa imenila akili. Naye alikuwa amejikunyata pembeni, amejifunika shuka gubigubi, huku wanaume wa watu wamesimama juu ya kichwa chake.

Wanaume walishuka wameinamisha macho, wakaenda kungoja barabarani. Nusu ya paa ilikuwa wazi. Sisi wanawake hatukuwa tumewahi kuezeka hata banda la kuku. Tulijifunga leso viunoni tukapanda, wifi na majirani wakitupokeza makuti kutoka chini. Fito zilinichuna magoti. Nilikuwa nikiomba na kujilaani kwa pumzi moja. Mvua ilitukuta safu mbili zimebaki, tukamaliza tumeloa chapachapa.

Mjane akaniita ndani. Alikuwa ameketi mkekani, tasbihi mkononi, bega moja limelowa. Nikamwamkia shikamoo, nikapiga magoti kumwomba radhi. Nikamwambia kwamba sikukusudia ubaya, ni Yesu aliyenituma.

Aliinua macho akalitazama paa. Mvua ilikuwa ikipiga juu yetu, na ndani hapakudondoka hata tone.

"Kazi yenu nimeipokea, Mwenyezi Mungu awalipe," alisema. "Lakini mwanangu, Nabii Isa ninayemjua mimi angepiga hodi kwanza."