Stempu za Kaka Kutoka Harare

Nina stempu kumi na tisa za Zimbabwe, za ile miaka pesa yao ilipokosa thamani. Ile ya mwisho ina sifuri nyingi hata ndege aliyechorwa amesukumwa pembeni. Zilikuja na barua za kaka yangu, mpishi aliyeacha kazi katika hoteli moja ya Diani akaenda kutafuta maisha Harare.

Barua zilifikia sanduku la posta la shule, Msambweni, nami ndiye niliyezifuata. Kaka alimwandikia mama kwa herufi za Kiarabu. Mama alisoma chuo cha Kurani tu, na hakutaka mtu mwingine amsomee maneno ya mwanawe. Anwani yake pekee ndiyo iliyokuwa kwa herufi za kizungu, nyuma ya bahasha. Stempu zilikuwa zangu. Nililowesha bahasha katika beseni hadi gundi ilegee, nikazibandua, nikazianika juu ya gazeti.

Siku ile nilikuwa na haraka. Mama hajamaliza kusoma salamu, bahasha imekwisha kuwa majini.

"Asema unga wapanda bei hali yeye yumo kwenye foleni," mama akacheka. "Mpishi mzima, apangia unga foleni!" Kisha akasoma polepole: "Mama, nimehama. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha."

Akaniangalia. Nikaitoa. Wino ulikuwa umeenea kama moshi wa buluu.

"Wewe ni mtu au mbuzi? Karatasi nayo huiachi?"

Nilikuwa mtu mzima, nimeshapita miaka ishirini.

Tulijibu kwa anwani ya zamani. Barua nyingine haikuja.

Tangu hapo sikai mahali. Tanga, Mbeya, Lusaka. Nafanya vibarua, naondoka. Harare nimefika mara mbili, nikazunguka majiko ya hoteli na picha yake. Sokoni nilikuta stempu kama zangu zikiuzwa kwa mafungu. Nilizigeuza moja moja, kana kwamba mwandiko wake ungekuwa nyuma.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Waondoka lini tena?"

Nikamwambia sijui. Akanipa barua aliyoiandika mwenyewe, kaikunja mara nne, na bahasha mpya.

"Andika juu."

Nikaandika jina la kaka. Chini yake nikaandika Harare. Mama alikuwa ameinama karibu yangu, akiufuata mkono wangu kwa macho.

"Mbona wasimama? Malizia."